Simu Zilivyolipanga Upya Boma Letu

Kwanza naomba msamaha. Mwandiko wangu ni mbaya na tahajia yangu ni ya kubahatisha. Niliishia darasa la nane, na hata huko mwalimu alikuwa akisema herufi zangu zinatembea kama kuku waliofukuzwa jikoni. Tena naandika polepole. Sentensi moja inaweza kunichukua muda wa kwenda mtoni na kurudi. Atakayepiga chapa maneno haya, akikuta neno halisomeki, aweke lile analoona linafaa. Sitakasirika.

Mimi ni wa Uriri, katika boma la wake watatu. Mama yangu ni mke wa pili, ambaye kwa Kijaluo tunamwita nyachira. Mke wa kwanza anaitwa mikayi, na nyumba yake inatazamana na lango. Ukisimama mlangoni mwake ukitazama nje, nyumba ya mama iko mkono wako wa kulia, na ya mke wa tatu, ambaye alifariki nikiwa mdogo, iko kushoto. Mgeni anaweza kudhani nyumba zilijengwa tu pale palipokuwa na nafasi. Sivyo. Mikayi ndiye anayepanda kwanza mvua ikinyesha, na ndiye anayevuna kwanza. Mama hawezi kutia jembe shambani kabla yake hata kama mbegu zinaozea ndani ya gunia. Anayempita mikayi analeta chira, ile laana inayokuja bila mtu kuitamka, inayomkondesha mtoto au ng'ombe mpaka watu waanze kuulizana nani alikosea.

Nimeyaeleza haya mapema kwa sababu bila hayo hutaelewa jinsi ukurasa wa tovuti ulivyomtoa mama yangu nyumbani kwake.

Kompyuta niliipata Kisegi, kwa mjomba wangu, ndugu yake mama, ambaye ana kibanda cha kuchaji simu na kutengeneza redio pale sokoni. Ilikuwa kuukuu, baadhi ya vitufe vimeng'oka, na haikuweza tena kubeba mfumo ule ambao watu wengi hutumia. Mjomba aliitilia mfumo mwingine, wa bure, ulioandikwa na watu wengi kwa kujitolea, ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuubadilisha apendavyo.

"Huu ni kama nyumba ya udongo," aliniambia. "Hutaki dirisha hapa, unalitoboa pale. Lakini ukitoboa nguzo, mpwa wangu, usije kunililia."

Mimi ni mtu wa haya. Nikiulizwa jambo mbele ya watu, jibu linakuja wakati watu wameshaondoka. Kompyuta ilinisubiri. Nilibadilisha rangi za madirisha yake, nikahamisha safu ya vitufe kutoka chini hadi ubavuni, nikachora alama zangu mwenyewe, ya faili nikaichora kama kikapu. Nilipokosea, ilinionyesha nimekosea wapi, kisha ikanyamaza.

Kurasa za tovuti nilijifunza kwa kufungua za watu wengine na kutazama maandishi yaliyo nyuma yake. Kiingereza changu ni kidogo, kwa hiyo maneno mengi niliyajua kwa kazi yake tu, kama unavyomjua jirani kwa kikohozi chake. Niligundua kwamba ukurasa ni masanduku. Kuna sanduku la kichwa, sanduku la picha, sanduku la maneno. Halafu kuna faili nyingine ya amri, inayoyaambia masanduku yavae rangi gani, yaachane kwa nafasi gani, na yasimame wapi. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Baba alifia hospitalini, na mwili ukapelekwa mochwari ya Migori kungoja watoto walio mbali. Hema likasimamishwa uani, viti vya plastiki vikaja, na watu wakaanza kujaa. Kaka yetu mkubwa, mtoto wa kwanza wa mikayi, alichukua usukani. Yeye ni mfanyabiashara wa ng'ombe, kila mnada yuko Ogwedhi, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya kelele za mifugo. Siku moja mchana akaniita mbele ya hema.

"Wewe bwana kompyuta. Watu wetu wako kila mahali wanauliza mazishi ni lini, nani ataongoza ibada, magari yatapita wapi. Nimechoka kujibu simu. Si unaweza kututengenezea kitu wasome wenyewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ana mdomo kweli huyu?" akawauliza watu, nao wakacheka. Lakini alinipiga begani kwa upole, na nilijiona mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza boma kuniomba kitu.

Nilifanya kazi ile nikiwa nimekaa kitandani kwangu, nje watu wakiimba nyimbo za kanisa. Juu niliweka picha ya Baba akiwa amevaa koti lake la kijivu. Chini yake taratibu za mazishi. Halafu nikafika sehemu ya wake zake, na hapo nikawaza sana. Sikutaka kuwapanga kama majina ya darasani. Nilitaka anayefungua ukurasa aone boma letu kama mtu aliyesimama langoni akitazama ndani. Kwa hiyo nikatengeneza masanduku matatu yaliyosimama bega kwa bega. Katikati picha ya mikayi, kubwa kuliko nyingine, ukingo wake wa rangi ya kahawia kama ukuta wa nyumba yake. Kushoto kwa anayetazama, picha ya mama. Kulia, picha ya marehemu mke wa tatu. Nikaongeza kivuli kidogo chini ya kila sanduku ili yaonekane yamekaa ardhini. Nilipomaliza nilitazama skrini nikalia, kwa sababu lilikuwa boma letu kweli, na Baba alikuwa juu yake akitutazama.

Nikampa kaka anwani ya ukurasa. Hakuufungua. Wageni walikuwa wengi, na alichofanya ni kuituma kwenye kikundi cha ukoo.

Jioni ile nikataka kitu kimoja zaidi, changu peke yangu. Nilitaka nikiwasha kompyuta, sura ya kwanza iwe ya Baba, pale mahali pa kuandika jina na paswadi. Programu iliyokuwa pale haikukubali picha kwa jinsi niliyotaka. Nikaiondoa, nikaweka nyingine niliyoona watu wakiisifu. Nikazima, nikawasha. Skrini ikawa nyeusi. Kistari kidogo cheupe kikawa kinapepesa kwenye kona, basi. Nikazima na kuwasha tena, hali ikawa ileile. Nikalala nikijiambia kwamba baada ya mazishi nitaitengeneza.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya kaka.

"Atoke! Huyo bwana kompyuta atoke aje atueleze!"

Nilitoka na shuka begani. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa chini ya hema, kila mmoja na simu ya mtu mkononi, wengine wamezishika mbali na macho ili waone. Kaka akanisukumia yake.

"Soma hapa. Nani yuko juu?"

Kwenye skrini ile ndogo masanduku yangu hayakuwa bega kwa bega. Yalikuwa yamepandana, moja juu ya jingine. La juu kabisa lilikuwa la mama yangu. Chini yake mikayi. Chini kabisa yule marehemu.

Nilijua mara moja kilichotokea. Skrini ya simu ni nyembamba, masanduku matatu hayaenei, kwa hiyo yanaporomoka. Lililo la kwanza kushoto linabaki juu, na mengine yanafuata. Mtu mwingine yeyote angekuwa amejaribu ukurasa wake kwenye simu kabla ya kuutoa. Mimi simu yangu ni kabambe, ile ya vitufe na tochi. Nilikuwa nimeuona ukurasa kwenye kompyuta tu, ambako kuna nafasi ya boma zima.

Haya yote yalikuwa kichwani mwangu, yamepangika vizuri. Mdomoni hakikutoka kitu.

"Mzee hajazikwa," mmoja wa wazee akasema, "nyachira ameshampita mikayi mbele ya ukoo mzima. Hata wa ng'ambo wameona."

"Ni mtoto tu, amekosea," mwanamke mmoja akajaribu kunitetea.

"Amekosea kumweka mama yake juu?" kaka akajibu. "Omera, ndugu yangu, hata mimi ningependa kukosea hivyo. Mbona hakukosea akamweka marehemu? Hili limepangwa nyumba ile." Akaelekeza kidole kwenye mlango wa mama. "Siku ya kuzika nyachira asikae karibu na jeneza mpaka jambo hili lizungumzwe. Sitaki chira katika boma hili."

Nilimkuta mama jikoni, amesikia kila neno. Nilitaka kumweleza, na kwake yeye naweza kusema, lakini alinitangulia.

"Nimeishi hapa miaka yangu yote," alisema, "hakuna aliyewahi kusema nimempita mikayi hata kwa jembe. Leo nimempita kwa picha."

"Mama, ni skrini. Ikiwa nyembamba masanduku yanaanguka. Nitaitengeneza leo leo."

"Itengeneze." Alikuwa anakunja leso zake moja baada ya nyingine na kuziweka ndani ya mfuko wa safari. "Siwezi kukaa nyuma ya hema kama mgeni wakati mume wangu anazikwa. Heri niwe kwetu Kisegi."

"Ukitoka kabla hajazikwa, kurudi kutakuwa kugumu."

"Najua kuliko wewe."

Hapo ndipo nikaelewa ninachokimbiza. Kama ningeweza kuuweka ukurasa sawa na kuwaonyesha kwamba ni upana wa skrini uliofanya hivyo, labda mama angebaki. Kazi yenyewe ilikuwa mistari michache tu. Lakini kompyuta ilikuwa nyeusi, na paswadi ya ukurasa ilikuwa ndani yake. Ilikuwa ndefu, ya kubahatisha, kompyuta yenyewe ndiyo iliyoichagua na kuitunza. Sikuwahi kuiandika popote. Na nikitaka kuibadilisha, tarakimu za siri zingetumwa kwa laini ya simu niliyojiandikisha nayo. Wakati ule najiandikisha sikuwa na kitambulisho cha kusajili laini yangu. Laini ilikuwa ya Baba.

Simu ya Baba alikuwa nayo kaka, imezimwa, pamoja na kofia yake na fimbo yake. Nikaenda kwake. Nilikuwa nimejifunza sentensi nzima njiani, kutoka jikoni hadi hemani.

"Kaka, naomba simu ya Baba kidogo, ili..."

"Unataka simu ya mzee?" Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Leo simu. Kesho atataka kiti chake. Kesho kutwa fimbo."

Wakacheka. Sikumaliza ile sentensi. Nikaichukua kompyuta nikaifunga ndani ya sweta, nikatembea hadi Uriri sokoni, kwenye saiba, lile duka la intaneti.

Dada mwenye saiba ananifahamu kwa sura. Nilifungua kompyuta mezani kwake, kistari kile kikaanza kupepesa.

"Kijana," akasema, "hiyo si kompyuta tena, ni ubao wa darasani. Tafuta chaki."

Nikamwomba waya wake wa intaneti, nivute upya ile programu niliyoiondoa.

"Waya wangu? Uuingize kwenye maiti hiyo?" Halafu akanitazama vizuri. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akauchomoa kwenye mashine yake mwenyewe akanipa. "Fanya haraka. Kuna wanafunzi wanakuja kuchapisha."

Nilikumbuka kwamba mfumo ule una mlango wa nyuma. Unabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, na badala ya picha unapata maandishi matupu, unaandika amri moja baada ya nyingine. Nikaingia kwa mlango huo. Nikaiambia iondoe programu niliyoiweka na irudishe ile ya zamani. Ikakataa, nimekosea herufi. Nikaandika tena, kidole kimoja kimoja. Ikakataa tena, inasema kuna vipande vimevunjika na vinataka kurekebishwa kwanza. Nikavirekebisha. Maandishi yakaanza kukimbia skrini nzima, mimi nikawa nayaomba kama mtu anayeomba kanisani. Wanafunzi walifika, wakasimama nyuma yangu wakinong'ona. "Huyu ni haka, wale wa kuvunja paswadi," mmoja akasema. "Haka wa wapi, na viatu hivyo," mwenzake akamjibu.

Nilipoiwasha upya, dirisha la zamani lilirudi, la bluu, la kawaida, bila picha ya mtu yeyote. Nikaingia. Paswadi ilikuwepo. Nikafungua ile faili ya amri nikaongeza maneno machache. Skrini ikiwa nyembamba, sanduku la mikayi litangulie, lifuate la nyachira, kisha la tatu. Nikamwomba dada afungue ukurasa kwenye simu yake. Mikayi juu. Mama chini yake. Kila mtu mahali pake.

"Sasa unalia nini?" dada akaniuliza. "Si imepona?"

Nilikimbia njia nzima kurudi nyumbani. Nilipoingia langoni niliona mlango wa mama umefungwa kwa nje. Binamu aliyekuwa akiosha vikombe akaniambia mama amepandishwa pikipiki na mfuko wake, amekwenda kutafuta gari la Homa Bay, na kutoka hapo Kisegi. Hakuna aliyemzuia.

Nikaenda hivyo hivyo kwa kaka. Nilimwambia neno moja tu, "Angalia." Alifungua ukurasa, akautazama kwa muda. Nilidhani uso wake utalegea. Badala yake akainua simu juu wazee waione.

"Ameibadilisha! Ya jana nimeipiga picha, ninayo. Ya leo hii hapa. Kumbe alikuwa anaweza kumweka mikayi juu muda wote. Alikuwa anaweza, akakataa."

Sikuwa nimewaza hilo. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa umemaliza kesi. Nilisimama pale na kompyuta kifuani, na nilichotaka ni kufa kidogo, niamke watu wakiwa wameondoka.

Ni mikayi aliyeniita. Alikuwa amekaa mlangoni mwake, miguu imenyooshwa, imevimba.

"Nyathina, mwanangu, njoo. Wote wana simu, wote wananiambia nimewekwa wapi. Hakuna aliyenionyesha. Nionyeshe."

Nikakaa chini kando yake. Nakala ya zamani ilikuwa bado ndani ya kompyuta, nikaifungua hiyo, yenye kosa. Kwenye skrini pana masanduku yalisimama bega kwa bega. Alisogeza uso.

"Huyu ni mtu amesimama langoni," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nyumba yangu hii. Ya mwenzangu ile, mkono wangu wa kulia. Na ya marehemu." Akagusa kioo kwa ukucha. "Umeniweka vizuri. Sasa ubaya uko wapi?"

Nikashika ukingo wa dirisha la ukurasa kwenye skrini nikaanza kuubana taratibu, uwe mwembamba kama simu. Masanduku yakasogeleana, yakakosa nafasi, yakaanguka. Mama juu. Mikayi akashtuka. Nikaliachia dirisha lipanuke, yakasimama tena. Nikabana, yakaanguka. Aliniambia nifanye tena. Nikafanya.

"Kwa hiyo hatukuenea," akasema.

"Hamkuenea. Na mimi sikuona, simu yangu ni ya vitufe."

Akapiga kofi moja gotini, akacheka kicheko kikavu. "Wazee wamekaa tangu asubuhi kumhukumu mtoto asiye na simu!" Kisha akamwita mwanawe, na sasa hakuwa anacheka. "Nenda Kisegi ukamlete mwenzangu. Namtaka hapa mzee akifika."

Kaka alikuja, akatazama chini. "Mama, mimi nikamfuate mtu aliyetoka bomani mzee akiwa mochwari? Ametoka mwenyewe. Nani alimfukuza?"

Wazee nao wakasema mjane aliyetoka kabla ya mazishi haitwi kwa simu. Lazima afuatwe na mtu wa nyumba ya kwanza, aliye mkubwa. Mikayi mwenyewe hakuruhusiwa kutoka bomani akiwa katika kilio, na hata angeruhusiwa, miguu ile isingemfikisha barabarani. Mkubwa mwingine nyumba ile hakuna. Mikayi alimwita kaka tena na tena, na kila mara alikuwa na wageni.

Baba alizikwa. Mikayi aliagiza kiti kiwekwe kuliani kwake karibu na jeneza. Shangazi mmoja alitaka kukikalia, akamwambia, "Ondoka, hapo pana mtu." Kilibaki kitupu ibada nzima, na watu walikuwa wakikitazama kuliko walivyomtazama mhubiri.

Mama yuko Kisegi mpaka leo. Anamsaidia mke wa mjomba kukausha omena, wale dagaa wa ziwani, na kulima. Nikimpigia anauliza kama paa la nyumba yake linavuja, na kama mikayi amepata dawa ya miguu. Nilipomwambia arudi alisema, "Sina hasira na wewe. Lakini siwezi kurudi kwa kuitwa na mtoto wangu. Nitaingia lango lile nikiwa nani?" Nyasi zimeota mbele ya mlango wake. Nilianza kuzifyeka, kaka akaniambia niache, mwenye nyumba akirudi atafyeka mwenyewe.

Nimejaribu kusema na kaka. Nafika mlangoni kwake, ananiuliza, "Nini?" na mimi nasema nilikuja kuazima koleo. Nina makoleo mengi sasa.

Ninachokuomba wewe unayesoma ni hiki. Kama unatoka boma kama letu, na kwenu mjane aliwahi kutoka kwa uchungu kabla ya mumewe kuzikwa kisha akarudi, niandikie uniambie alirudishwa vipi. Nani alikwenda kumchukua? Na kama nyumba ya kwanza ilikataa, mlisema nao maneno gani mpaka wakakubali? Niandikie hata kama ni mistari michache, hata kama mwandiko wako ni kama wangu. Usiniandikie jinsi ya kutengeneza ukurasa. Niandikie maneno ya kumwambia kaka, kwa sababu mimi sina, na mikayi anazidi kuchoka.